Digrii Nne

Nje, Al-Khoudh inachemka. Lami imelegea
kama halua iliyoepuliwa mapema,
nami, mwezi wa Julai, navaa sweta ya sufi
niingie chumba cha baridi na ubongo wa kondoo.

Nimeununua Sib, kwa Dilmurad mchinjaji.
Aliniuliza, kwa Kiarabu chake cha Kibalushi,
nitaupika kwa bizari au kwa ndimu kavu.
Nikamwambia: kwa sabuni.
Akanirudishia chenji huku akinitazama vidole.

Ndani yake mna weupe. Weupe ule ni mafuta,
mkunjo juu ya mkunjo,
yameuzonga kila uzi wa neva
kama mzazi anavyomviringa kitoto cha siku tatu,
ili habari ipite mbio, isivuje njiani.
Daktari alipomtajia mama jina lake, mielini,
mama alisikia *milele*.
Wala hatukumsahihisha.

Bi Thuwaiba binti Seif, wa Wete, kisha wa Mabela:
joto likipanda, mguu wake wa kushoto husahau njia.
Hauumi, anasema. Ni kama kumwita mtu
aliye chumba cha pili,
anasikia, ila haitiki.
Basi kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana,
na bili ya umeme kaka yangu Hilal
huisoma amesimama, kama hukumu.
Lakini baridi ikimwingia mama, huinuka,
hushika ukuta, hufika mpaka jikoni
kuniambia vitunguu nimeviunguza.

Nasaga. Natia sabuni, si hii ya vyombo,
ile inayofumua utando wa seli.
Matone, juu ya barafu. Nusu saa.
Karibu kila kitu kinakubali, kinaachia.
Kisha sukari: nzito chini, nyepesi juu,
kisha mashine izunguke hadi alfajiri,
na asubuhi, katikati ya mrija,
pete nyeupe,
nyembamba kama ukucha uliokatwa.
Haikuzama. Haikuyeyuka.
Kolesteroli na protini chache
zilizokumbatiana zikagoma.
Sisi twaiita chelezo.

Nikampelekea mama picha kwenye simu.
"Samli," akasema.
"Sufuria ya pilau ukiiosha kwa maji baridi
si ndivyo inavyobaki?
Miaka saba yote umesomeshwa
usijue kuchemsha maji?"

Ndilo swali lenyewe. Wataalamu wanalivutana
tangu sijaajiriwa, yeye kalitoa kwenye sufuria:
chelezo kilikuwamo tangu hapo,
kikielea katika utando ulio hai, wenye joto la damu,
au ni baridi yangu na sabuni yangu
vilivyokigandisha,
nami nikakipa jina?

Ijumaa shangazi zangu huja, wanne,
kila mmoja na bakuli lake la kachumbari.
Waliondoka Pemba hawajaota meno ya ukubwani.
Mwaka juzi alikuja Makame, mtoto wa mjomba, kutoka Wete,
akawasikiliza mpaka kahawa ikapoa,
kisha akacheka, akaomba radhi, akacheka tena:
kule, alisema, hakuna tena anayesema hivi.
Shangazi Shinuna akamwongeza kachumbari.
Hakuna aliyejibu.

Jana umeme ulikatika Mabela nzima.
Saa mbili, saa tatu. Kuta zilianza kutoa joto
walilokuwa wamelimeza mchana.
Nilichemsha maji kwa gesi, nikaosha sufuria ya pilau
kama nilivyofundishwa.
Ilitakata. Hakikusalia kitu,
hata harufu ya iliki.
Nikabaki pale kwenye karo, mikono imeiva,
nikimsikia mama gizani, sebuleni,
anauita mguu wake, taratibu, bila hasira,
kwa lugha ile ile aliyoitiwa yeye utotoni:
*weye,
njoo. Weye.*